Keki Zisizo za Kula

Babati, Jumapili alasiri

Mwanangu Yasinta,

Umekwenda Mutuka na shangazi yako kumuaga bibi yako, kwa hiyo nyumba iko kimya na nina saa mbili tatu za kuandika. Habari za sweta, za kulinda begi ndani ya basi, za kuripoti halmashauri kabla ya kwenda shuleni, zote shangazi yako ameshakuambia na kesho stendi atakuambia tena. Mimi sina la kuongeza huko. Nataka kukuandikia jambo ambalo nimeanza kukusimulia mara nyingi tangu ajira yako ya ualimu itoke, na kila nikianza nageuza maneno naishia kukuuliza kama umekula.

Jumatano ulikuwa umekaa hapa mezani ukijaza fomu za kazi. Ukafika mahali pa jina la mama na anwani yake. Ukainua kichwa ukaniuliza, "Baba, hapa niandike marehemu?" Uliuliza kwa sauti ya kawaida kabisa, kama mtu anayeuliza leo ni tarehe ngapi. Nikakuambia uache wazi kwanza. Ukaacha wazi, ukaendelea na fomu, na mimi nikatoka nikasimama karibu na tanuri bila kazi yoyote.

Mama yako yuko hai, na wewe unajua yuko hai. Ila kwa miaka tisa nimekuangalia ukimzika kidogo kidogo, na jembe nilikupa mimi.

Naanzia kwenye keki, kwa sababu ndiko mambo haya yalikoanzia. Zile keki unazikumbuka. Ulikuwa darasa la sita nilipoanza kuzitengeneza. Wakati huo mauzo ya mikate yalikuwa yameshuka, kwa sababu magari ya Arusha yalikuwa yanaleta mikate ya mifuko ya plastiki mpaka madukani, na sisi na tanuri letu la kuni tulibaki na wateja wa mtaani tu. Siku moja akaja Gadi, yule kijana wa bodaboda mwenye meno yaliyoachana.

"Shikamoo Baba Yasinta."

"Marahaba."

"Tunataka keki, lakini siyo ya kula. Ya kumpiga nayo mtu usoni."

Nikamuuliza amekosa nini huyo mtu. Akacheka. "Ni besdei, mzee. Tumechoka kumwagiana unga na maji, unga unaingia machoni. Na keki yenyewe ukiinunua ni hela ndefu, ukiirusha roho inauma. Tutengenezee kitu cheupe tu kwenye sahani, cha buku mbili, kipasuke vizuri."

Mimi ni mwokaji. Nilifundishwa Arusha na mzee aliyekuwa anatupiga makofi ya mgongo tukidondosha unga chini. Nilitakiwa kumfukuza Gadi. Lakini nilikuwa sijauza hata nusu ya mikate ya siku ile, na isitoshe, nikuambie ukweli, lile wazo lilinivutia. Kutengeneza kitu rahisi kikafanya kazi yake vizuri ni ufundi pia. Nikaanza kutafuta namna.

Haikuwa rahisi. Krimu ya dukani ya kupiga na maziwa ni ghali, na juani inayeyuka. Nilijaribu mafuta mgando na sukari peke yake, ikawa nzito kama mshumaa, ukiipaka kwenye nywele haitoki mpaka kesho. Nilijaribu ute wa mayai, povu likawa maji kabla sijafika mlangoni. Aliyepata njia ni mama yako. Alipika uji mzito wa ngano na sukari, akaufunika kwa kitambaa kibichi usitengeneze ngozi, akauacha upoe kabisa, akauchuja. Halafu akapiga mafuta mgando kwa mashine mpaka yakawa meupe, akawa anaongeza ule uji kijiko kimoja kimoja, polepole, na chumvi kidogo na tone la vanila. Ikatoka krimu laini, nyepesi, ukiinua mwiko inasimama ncha. Gharama yake haikufika nusu ya ile nyingine, na uso ukioshwa na maji ya uvuguvugu unatakata.

Chini yake tuliweka makombo ya mikate iliyolala, tukiyalowesha kwa maji ya sukari na kuyabana yawe tabaka jembamba, ili sahani iwe na uzito wa kufika inakotupwa. Sahani ilikuwa ya karatasi laini, na ukingo tuliukata usije ukamchana mtu. Hatukuweka kijiti wala limau, wala pilipili hata mteja asihi vipi. Hayo masharti niliyaweka mimi na nilijivunia sana. Nilikuwa nawaambia watu kwamba keki yangu haijawahi kumuumiza mtu.

Ya kwanza niliijaribu kwenye uso wangu mwenyewe, pale uani. Wewe ulicheka mpaka ukakaa chini. Mama yako alikuwa amesimama mlangoni. Aligeuka akaingia ndani, na nikasikia anaosha sufuria ambazo zilikuwa zimeshaoshwa.

Nilijua kwa nini ameingia ndani. Hili ndilo ambalo hujawahi kuambiwa, na yeye hakumwambia mtu mwingine isipokuwa mimi.

Mama yako alitolewa kwao Singida akiwa na umri kama wako wa siku ya kipaimara, akapelekwa Arusha kufanya kazi za ndani. Mama mwenye nyumba alikuwa anauza maandazi. Siku moja unga uliokandwa ukachachuka kwa sababu mtoto, yaani mama yako, alipitiwa na usingizi. Yule mama akamshika kisogo akamzamisha uso kwenye beseni la unga, akamshikilia humo. Akamtoa, akamrudisha tena. Watoto wa ile nyumba walikuwa wamekaa kwenye ngazi wanaangalia.

Alinisimulia mwaka wa kwanza wa ndoa yetu, tukiwa tunakanda pamoja. Nilikuwa nimempaka unga kidogo puani kwa mzaha, kama vijana wanavyofanya, na akanipiga mkono kwa nguvu mpaka nikashangaa. Halafu akaniambia. Alisema, "Kukosa pumzi si kitu, Petro. Kilichoniumiza ni kusikia wale watoto wanacheka. Nilikuwa ndani ya ule unga, na masikio yalikuwa nje." Kisha akaniomba, kwa utaratibu kabisa, nisimpake kitu usoni hata siku moja, hata kwa mchezo. Nikaahidi. Ahadi yenyewe ilikuwa nyepesi mno, hata sikuona kama ni ahadi.

Unaweza kujiuliza kwa nini basi alikubali kutengeneza zile keki. Nilimuuliza. Alisema ni kazi, na kazi anaiweza, mradi asiwepo zinaporushwa. Na ndivyo alivyofanya. Alipiga krimu, akapanga sahani, akafunika, akaondoka. Vijana wakija kuchukua alikuwa nyuma kwenye kuni. Kwa mwaka mzima tuliishi hivyo na mambo yakatengemaa. Ukaanza kwenda shule na viatu vizuri. Watu wa Bagara na Maisaka wakawa wanaagiza, wakaja mpaka wa Magugu. Nikaanza kujiona mtu.

Sasa siku ya kipaimara chako.

Tulifunga turubai hapa uani. Unakumbuka gauni lako, na unakumbuka pilau ilivyotosha mpaka majirani wasioalikwa. Asubuhi ile, mama yako akiwa amekwenda kusukwa nywele, nilikuita jikoni nikakuonyesha sahani moja niliyoificha. Nikakuambia, "Leo tutamfanyia mama sapraizi. Wewe utashika simu yangu, utapiga video. Usimwambie." Ukafurahi. Mtoto akipewa siri na baba yake hufurahi. Nilijua kuna watu zaidi ya mia watakaokuwepo, na nilikuwa nimeshafikiria jinsi ile video itakavyozunguka mjini na kuniletea wateja. Hilo ndilo nililokuwa nalo kichwani. Sikuwa nimesahau alichoniambia. Siku nyingine nimejidanganya kwamba nilisahau, lakini sikusahau. Nilijiambia kwamba ni mambo ya zamani, kwamba akiona watu wote wanamcheka kwa upendo itamtoka ile hofu, atanishukuru. Mtu akitaka kufanya jambo baya hakosi kulitafutia dawa ndani yake.

Mshereheshaji akatangaza kulishana keki. Wewe ukamlisha mama, mama akakulisha wewe, ile keki ya kweli, ya mayai. Kisha mshereheshaji akasema, "Sasa baba amlishe mama." Mama yako akasogea mbele. Alikuwa amevaa lile gauni la kitenge cha kijani. Kwa sababu ni mambo ya kulishana, na watu wanatazama, akaona haya kidogo, akafumba macho, akafungua mdomo.

Nilimpiga na ile sahani ya krimu hapo.

Umati ulilipuka kwa kicheko. Mama yako hakujifuta. Alisimama mikono ikiwa juu kidogo, vidole vimeachana, kama mtu anayetafuta ukuta gizani. Alitoa sauti ambayo sikuwahi kuisikia kwake, ndogo, ya kooni. Halafu nikaona gauni linalowa, maji yanashuka miguuni mpaka kwenye viatu. Waliokuwa mbele wakaona, wakacheka zaidi. Mimi pia niliona. Nami nikaendelea kucheka, kwa sababu watu walikuwa wananitazama mimi sasa, na nikanyanyua ile sahani tupu juu kama kombe.

Shangazi yako ndiye aliyemfunika khanga akamwingiza ndani.

Wewe ulikuwa unaangalia kioo cha simu. Ulikuwa unacheka kwa sababu wote tulikuwa tunacheka. Naomba uelewe hapa, kwa sababu najua jinsi ulivyo, utachukua sehemu yangu ujibebeshe. Usiichukue. Ulikuwa na miaka kumi na tatu, ulishika simu niliyokupa, ukafanya nilichokutuma. Mama yako mwenyewe hakuwahi kukuhesabia jambo lile. Nilimsikia akimwambia shangazi yako, "Mtoto hajui kitu, msimwambie, ataumia."

Ile video niliituma kwenye makundi jioni hiyohiyo bila kuitazama mpaka mwisho. Wiki ile tuliuza kuliko mwezi mzima uliotangulia. Nikamtafuta mtu wa stendi anayechapisha picha, akaitoa ile ya krimu ikipasuka usoni, akaikuza, nikaibandika kwenye mlango wa duka, na chini yake maandishi mekundu: KEKI ZA USO, BEI POA. Picha ya mke wangu. Sokoni wanawake wakaanza kumwita Mama Keki, na wengine walimuuliza kama leo amevaa pampasi. Akaacha kwenda sokoni. Akawa ananituma mimi nyanya na vitunguu, nami nikalalamika kwamba amekuwa mvivu.

Aliniomba, "Itoe ile picha."

Nikamjibu, "Ile picha ndiyo inayotulisha."

Hakurudia. Aliendelea kupiga krimu kwa miezi saba. Nilidhani yamekwisha. Yasinta, mimi nilikuwa mtu wa kudhani kwamba mtu akinyamaza amekubali. Nilijifunza kwa gharama kubwa kwamba mama yako alikuwa anaongea na mimi muda wote ule, kwa kutokaa mezani, kwa kufunika vioo, kwa kulala amegeukia ukutani na khanga mpaka kichwani, na mimi sikutaka kusikia. Huko uendako utakuwa na watoto hamsini, sitini mbele yako. Siwezi kukufundisha kazi yako. Nakuambia tu nilivyokosea mimi: niliangalia wanaocheka, nikaacha kumwangalia mmoja aliyesimama katikati.

Ulipokwenda kidato cha kwanza, mwezi wa pili, mama yako alifunga begi lake asubuhi, mimi nikiwa natoa mikate ya kwanza. Alikuja mpaka tanurini, amevaa viatu. Nikamuuliza anakwenda wapi. Akasema Dodoma, kwa dada yake.

"Utarudi lini?"

"Sirudi."

Nikakasirika. Nikamwambia mwanamke haachi ndoa kwa sababu ya krimu, watu watamwona kichaa.

Akasema, "Sikuachi kwa sababu ya krimu. Wale wengine wote hawakujua. Wewe ulijua." Kisha akasema atakwenda kukuona shuleni mara mambo yakikaa sawa, nisikuambie lolote baya. Akaondoka kwa miguu kuelekea stendi, nami nikarudi kutoa mikate kwa sababu ilikuwa inaungua.

Uliporudi likizo ya Pasaka ulikuta hayupo. Ukaniuliza. Na mimi, badala ya kukuambia nilichofanya, nikakuambia amefuata mwanamume Dodoma.

Hakukuwa na mwanamume. Hakuwahi kuwepo. Sikuambiwa na mtu, sikusikia fununu, uongo huo niliutunga mwenyewe nikiwa nimesimama mbele yako na wewe hujavua hata sare. Niliutunga kwa sababu nilijua ukijua ukweli utaniangalia kama alivyoniangalia yeye pale tanurini. Halafu ikabidi niwaambie wengine vilevile ili maneno yalingane. Nikamwambia bibi yako. Nikamwambia shangazi yako, ambaye hakuniamini, lakini nilimwambia akibisha asikanyage tena hapa, na alikupenda mno hata akachagua kunyamaza ili awe karibu na wewe. Usimlaumu. Watu wa jumuiya wakanionea huruma. Nilipikiwa chakula. Nilikaa kanisani nikapewa pole kwa jambo nililomfanyia mtu mwingine.

Na kuna jingine, nalo ndilo linalonikosesha raha kuliko yote. Ukiwa kidato cha pili, siku ya wazazi, mama yako alikuja shuleni kwenu. Alitoka Dodoma, akafika mchana na mfuko wa karanga na sabuni na madaftari. Wewe ulimwambia matroni, "Mwambieni simjui." Alikaa kwenye benchi la getini mpaka wageni wote wakatoka. Matroni alinipigia simu kunijulisha, akidhani anatenda wema. Mwanangu, nilipokata ile simu nilijisikia nimeshinda. Nilikwenda kazini nikipiga mluzi. Nimeandika sentensi hii na nimeiacha, kwa sababu nikiifuta barua nzima itakuwa uongo tena.

Biashara ya zile keki niliendelea nayo miaka mitatu baada ya hapo. Krimu yangu haikuwa kama yake. Ilikuwa na madonge, lakini kwa kazi ile nani anajali. Siku moja kijana mmoja alikuja kuchukua sahani moja, amevaa vizuri, hana wenzake. Sikumuuliza ni ya nani. Mimi huwa nawauliza, ni besdei ya nani, siku ile sikuuliza. Baadaye nikapita sokoni kununua chumvi nikakuta watu wamejaa. Alikuwa amempiga nayo binti anayeuza samaki, aliyekuwa amemkataa. Yule binti alikuwa amesimama mbele ya beseni la perege, mikono juu kidogo, vidole vimeachana. Watu wanacheka, wengine wanapiga picha. Krimu yangu, yenye madonge, inamdondoka kidevuni inaingia kwenye samaki.

Nilimfuta kwa koti langu. Nilimfuta vibaya, nikamwingizia mafuta machoni, akanisukuma. Akasema, "Niache, mzee, kwani wewe ni nani?" Sikumwambia mimi ni nani. Nilirudi nikabandua ile picha mlangoni. Ilikuwa imepauka mpaka uso hauonekani, imebaki krimu tu. Mashine nikaiuza. Tangu hapo unaniona naoka mikate peke yake, na uliwahi kuniuliza kwa nini tuliacha keki ukisema zilikuwa zinalipa. Nilikujibu kwamba vijana wamechoka nazo. Huo nao ulikuwa uongo. Bado wanakuja kuuliza.

Baada ya lile la sokoni nilikwenda Dodoma. Wewe nilikuambia nakwenda kununua ngano. Nilimkuta mama yako karibu na stendi ya mabasi, ana kibanda cha chapati na supu, anakaa na dada yake chumba kimoja. Nywele zimeingia mvi mbele. Aliniona nikija, akaendelea kusukuma chapati. Nikamwamkia, akaniitikia. Nikasimama. Nikasema nilichokwenda kusema, kwamba nilijua na nilifanya nikijua. Alisikiliza mpaka mwisho. Wateja wawili walisubiri, akawahudumia, akarudi.

Akaniuliza, "Yasinta umemwambia?"

Nikasema, "Bado."

Akasema, "Basi bado hujaja, Petro. Siku ukimwambia ndiyo utakuwa umekuja." Akanipa kiti, akanipa supu, kwa sababu ndivyo alivyo, na hakuongea na mimi tena mpaka nilipoondoka.

Hiyo ni miaka mitatu na zaidi. Kila likizo ukirudi kutoka chuoni nilisema sasa. Nikakuona umefurahi, nikasema nisimharibie. Nikakuona una huzuni, nikasema nisimwongezee. Siku ya kumwambia mtoto jambo kama hili haipo, Yasinta. Nimesubiri mpaka imebaki kesho tu uondoke, na hata sasa naandika kwa sababu kinywa kimenishinda. Huo ni woga, nami siupi jina lingine. Nakuomba msamaha kwa uongo, na kwa miaka, na kwa ile siku ya getini. Sikuombi unijibu. Inawezekana usome hii usitake kunipigia simu kwa muda, na mimi nitakuwa hapahapa, naoka.

Kama kuna kitu nilichokipata katika haya yote ni kidogo, nacho nakupa kilivyo. Nilikuwa nikipima makosa yangu kwa ukubwa wa jeraha linaloonekana. Sahani laini, ukingo umekatwa, hakuna pilipili, basi hakuna aliyeumia. Lakini mtu akikuambia mahali panapomuuma, amekupa kitu unachoweza kumuua nacho, na hata ukikigusa kwa mzaha umekigusa. Mama yako aliniamini kwa kitu kimoja tu maishani mwake. Wapo watakaokuamini hivyo, wengine wadogo sana, wa darasa la kwanza. Utajua la kufanya kuliko nilivyojua mimi. Una moyo wa mama yako, hata kama umekuwa ukinisikia nikisema vingine.

Barua hii nitakupa mkononi basi likishafika, ili usiifungue mbele yangu. Isome mkishaipita Kondoa, barabara ile imenyooka. Basi lako linaingia Dodoma mchana, na dereva huwapa abiria nusu saa ya kula. Ukishuka, usifuate wengine wanaoingia hotelini. Toka kwa geti la upande wa bodaboda, hesabu vibanda, ni cha nne, kina turubai la bluu na mabenchi mawili. Jina la mama yako, kama bado hujalijaza kwenye fomu, ni Agripina.

Sijamwambia kwamba unapita. Nilishika simu jana nikairudisha mezani. Nikimwambia, atakwenda kusimama stendi tangu asubuhi, aangalie kila basi linaloingia kutoka Arusha, na wewe sijui utaamua nini. Ukishuka, shuka kwa hiari yako mwenyewe. Na usiposhuka, yeye atakuwa anasukuma chapati zake, na hatajua kwamba lililopita lilikuwa basi lako.

Baba yako,
Petro